Pasaka: Ibada Isiyokuwa na Kuhani

Mtu asomaye Torati kwa haraka aghalabu hudhani kwamba dini ya Bani Israili wa kale ilikuwa dini ya makuhani watupu, ya kafara na mafusho na mavazi ya kitani, na ya hema takatifu ambalo mtu wa kawaida hakuthubutu kulikaribia. Na dhana hiyo haikosi msingi, kwani kitabu cha Mambo ya Walawi karibu chote, na sehemu kubwa ya kitabu cha Hesabu, vimeshughulika na mambo hayo. Walakini amri ya kwanza ya ibada ambayo kaumu ile ilipewa ikiwa kaumu, kabla haijavuka bahari wala kufika mlima Sinai, na kabla Haruni hajatiwa mafuta ya ukuhani, haina kuhani ndani yake. Ina mwenye nyumba, na ahali yake, na jirani yake, na mwana-kondoo, na mlango. Amri hiyo ndiyo Pasaka, nayo imeandikwa katika sura ya 12 ya kitabu cha Kutoka. Na katika taarikhi yake yote sikukuu hii imekuwa ikivutwa huku na huku baina ya nyumba na hekalu, mara wafalme wakiipeleka hekaluni, mara misiba ikiirudisha nyumbani, na rai yangu ni kwamba iliokoka kwa sababu haikupata kuihama nyumba moja kwa moja.

Tuitazame amri yenyewe, maana inajali mambo madogo kwa namna ya kustaajabisha. Siku ya 10 ya mwezi wa Abibu, yaani mwezi wa masuke mabichi ya shayiri, ambao baada ya uhamisho wa Babeli ulikuja kuitwa Nisani, kila mwenye nyumba alipaswa kutenga mnyama mmoja, mume, wa mwaka mmoja, asiye na ila, akipenda katika kondoo, akipenda katika mbuzi. Na ikiwa ahali yake ni wachache hata hawawezi kummaliza mnyama mzima, basi na ashirikiane na jirani aliye karibu na nyumba yake, kila mtu akihesabiwa kwa kadiri ya ulaji wake. Mnyama alikaa nao hata siku ya 14, usiku wa mwezi mpevu, ndipo alipochinjwa wakati wa magharibi, damu yake ikakingwa bakulini, na kwa kicha cha hisopo ikapakwa katika miimo miwili ya mlango na katika kizingiti cha juu. Nyama haikuruhusiwa kuliwa mbichi wala kutokoswa kwa maji, bali iliokwa motoni nzima, pamoja na kichwa na miguu na matumbo; ililiwa kwa mikate isiyotiwa chachu na mboga zenye uchungu; haikutolewa nje ya nyumba, wala mfupa wake haukuvunjwa, wala haikusazwa hata asubuhi, na kilichobakia kilichomwa moto. Walaji walikula upesiupesi, viuno vimefungwa, viatu miguuni na fimbo mkononi. Na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mlango wake hata kupambazuke.

Sababu ya hayo yote yajulikana na kila aliyepata kusikia kisa cha Musa. Mapigo tisa yalikuwa yamekwisha kuishukia Misri, na Farao, ambaye Torati haikuona haja ya kumtaja jina, hali imewataja kwa majina yao wakunga wawili, Shifra na Pua, waliokataa kuwaua watoto wa Kiebrania, alikuwa bado anaushupaza moyo wake. Pigo la kumi likaja usiku wa manane juu ya wazaliwa wa kwanza, kuanzia mrithi wa kiti cha enzi hata mtoto wa mjakazi akaaye nyuma ya jiwe la kusagia, na hata wa wanyama. Na mwenye kuharibu alipoiona damu mlangoni, alipita juu ya nyumba ile asiiguse. Kwa hiyo damu ile haikuwa zawadi iliyopandishwa juu ya madhabahu, ilikuwa alama ya ulinzi, na kizingiti kilifanya kazi ambayo baadaye ingefanywa na madhabahu.

Jambo jingine ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulitafakari ni kwamba Musa aliagiza namna ya kulikumbuka tukio kabla tukio lenyewe halijatokea. Watu walikuwa wangali watumwa, udongo wa kufyatulia matofali haujawatoka mikononi, nao tayari wanaambiwa kwamba watakapoingia katika nchi waliyoahidiwa, na watoto wao wakawauliza maana ya utumishi huu, basi wawajibu hivi na hivi. Ni nadra kuona katika taarikhi ya mataifa kumbukumbu iliyotungwa kabla ya jambo linalokumbukwa. Tena ni nadra zaidi kuona mtoto akipewa haki ya kuuliza katika ibada, na mzazi akifaradhishiwa kujibu. Kutoka hapo ndipo lilipoota shina la yote yatakayokuja, kama tutakavyoona.

Wanataarikhi wa siku hizi wamebishana sana juu ya kutoka Misri. Kitabu chataja wanaume 600,000 waliotembea kwa miguu, mbali na watoto, na miaka 430 ya kukaa ugenini, na miji miwili ya akiba, Pithomu na Ramesesi, iliyojengwa kwa jasho la watumwa. Lakini katika maandiko yote ya Wamisri yaliyokwisha kufukuliwa hakuna habari ya mapigo wala ya jeshi lililozama. Shahidi mkongwe kuliko wote ni jiwe la Farao Merneptah, lililochongwa yapata mwaka 1208 K.K. na kufukuliwa huko Thebe mwaka 1896 na Mwingereza Flinders Petrie, ambamo Israeli inatajwa miongoni mwa walioshindwa katika nchi ya Kanaani, na farao akajisifu kwamba ameifutilia mbali mbegu yao. Majisifu yake yalikuwa ya mapema mno.

Katika kuipeleleza asili ya sikukuu yenyewe maulamaa wamekwenda mbele zaidi kuliko katika kupeleleza safari. Tangu zama za Mjerumani Julius Wellhausen, katika karne ya 19, wengi wameona kwamba hapa kuna sikukuu mbili zilizofungwa pamoja: ya kwanza ya wafugaji, yenye mwana-kondoo na damu, ya pili ya wakulima, ya siku saba za mikate isiyotiwa chachu, kuanzia tarehe 15 hata 21, wakati shayiri mpya inapoanza kuvunwa na donge la chachu la mwaka uliopita likitupwa. Mwaka 1943 mwanachuoni mwingine wa Kijerumani, Leonhard Rost, alitoa rai kwamba ile ya wafugaji ilikuwa ada ya usiku wa kuhama, wachungaji walipokuwa wakijiandaa kuondoka jangwani kwenda kwenye malisho ya kiangazi, nao wakapaka damu ili kuwakinga watu na mifugo na shari za njiani. Na kweli vitu vyote vinaafikiana: fimbo, viatu, usiku wa mbalamwezi, nyama ya kuokwa kwa kukosa vyungu, majani machungu ya nyikani, na kutokuwapo kuhani. Wako wanaochukia rai hiyo wakiona inaipunguzia Torati heshima yake. Mimi sioni hivyo. Kwani Torati yenyewe, katika sura ya 5 ya Kutoka, yamwonyesha Musa akimwomba Farao awaruhusu watu waende jangwani kufanya sikukuu, na hayo ni kabla ya pigo la kwanza, basi yamkini sikukuu fulani ya wafugaji ilikuwa ikijulikana. Kilichotokea usiku ule ni kwamba ada ya kila mwaka ilipewa maana ya mara moja, na yaliyokuwa mambo ya majira yakawa mambo ya taarikhi.

Watu walipoingia Kanaani, Yoshua aliwafanyia Pasaka huko Gilgali, katika nchi tambarare ya Yeriko, na kesho yake wakala mazao ya nchi, na mana ikakoma. Baada ya hapo vitabu vyanyamaza kwa muda mrefu. Sikukuu haitajwi katika visa vya Waamuzi, wala vya Sauli, wala vya Daudi. Na naona kunyamaza huku ni dalili ya mambo ya nyumbani, ambayo waandishi wa nyumba za kifalme huwa hawayaandiki, kama vile mwandishi wa sultani asivyoandika watu wamefuturu nini.

Sauti inasikika tena katika mwaka wa 18 wa mfalme Yosia, yapata mwaka 622 K.K., wakati kitabu cha torati kilipoonekana hekaluni Yerusalemu, na mfalme akararua mavazi yake kwa kusikia yaliyomo. Wanazuoni wengi wanakubali kwamba kitabu hicho kilikuwa ni Kumbukumbu la Torati au sehemu yake, na katika sura yake ya 16 Pasaka ina sura nyingine kabisa. Hairuhusiwi kuchinjwa ndani ya malango ya mji wowote ule, ila mahali pamoja patakapochaguliwa na Mwenyezi Mungu. Mnyama aweza kuwa hata ng'ombe. Nyama yaweza kupikwa. Na asubuhi watu warudi hemani kwao. Damu ya mlangoni haitajwi. Yaani mlango umefungwa, na watu wote wameitwa uwanjani pa mfalme. Yosia akaifanya Pasaka kwa adhama kubwa, na mwandishi wa Wafalme asema kwamba haikupata kufanywa Pasaka kama ile tangu siku za Waamuzi, neno ambalo lamtia msomaji shaka kama ilipata kufanywa hivyo wakati wowote. Kitabu cha Mambo ya Nyakati, kilichoandikwa baadaye na mtu aliyependa hesabu, chasema mfalme alitoa katika mali yake wana-kondoo na wana-mbuzi 30,000 na ng'ombe 3,000. Na kwa kuwa kitabu kimoja kilitaka nyama iokwe na kingine kiliruhusu ipikwe, mwandishi huyo akasema kwa werevu kwamba ilipikwa kwa moto.

Ndiye huyohuyo atuleteaye habari ya Hezekia, babu wa baba yake Yosia, aliyetuma matarishi wapite katika makabila ya kaskazini kuwaalika watu waje Yerusalemu, nao wakachekwa na kudhihakiwa njiani, ila wachache waliojinyenyekeza wakaja. Walichelewa hata ikabidi sikukuu ifanywe mwezi wa pili, ruhusa ambayo sura ya 9 ya Hesabu yampa mtu aliyekuwa safarini au aliyenajisika kwa maiti. Na wengi walikula bila kujitakasa, mfalme akawaombea msamaha. Kisa hiki chanipendeza kuliko fahari yote ya Yosia, kwa kuwa ndani yake sheria yakubali kumngojea mtu aliyechelewa.

Hekalu la kwanza lilibomolewa na Wababeli mwaka 586 K.K., la pili likamalizika kujengwa mwaka 515 K.K., na waliorudi kutoka uhamishoni wakaifanya Pasaka mbele yake, kama asemavyo Ezra. Lakini kwa wakati huo tayari kulikuwako Wayahudi waliokaa mbali na Yerusalemu, nao hawakutaka kungoja safari ndipo washerehekee. Mashuhuri katika hao ni askari wa Kiyahudi waliokuwa wakilinda mpaka wa kusini wa Misri kwa niaba ya wafalme wa Uajemi, katika kisiwa cha Elephantine kilicho ndani ya mto Nili mkabala wa Aswan. Katika makaratasi yao ya mafunjo, yaliyofukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20, mna barua ya mwaka 419 K.K., mwaka wa tano wa mfalme Dario wa Pili, ambayo mtu aitwaye Hanania alimwandikia Yedania na wenziwe, akiwaagiza habari za tarehe 14 ya Nisani, na za kujitakasa, na za kutoonekana chachu kuanzia tarehe 15 hata 21. Karatasi imeraruka, na neno lenyewe la Pasaka halimo katika vipande vilivyosalia. Lakini kipo kigae cha kisiwa hichohicho ambacho mtu anamwuliza mwenziwe ni lini watakapoifanya Pasaka, kana kwamba tarehe yake ni jambo la kupatana baina ya jamaa.

Mambo mawili yafaa kutazamwa hapo. La kwanza ni kwamba watu hao walikuwa wakikumbuka kutoka Misri hali wamo Misri, wakila mshahara wa ulinzi, wala hatuoni katika barua zao alama yoyote ya kuona ajabu. La pili ni la huzuni: walikuwa na hekalu lao kisiwani, na jirani yake palikuwa na hekalu la Khnum, mungu wa Wamisri mwenye kichwa cha kondoo dume, na mwaka 410 K.K. makuhani wa Khnum, wakisaidiwa na mkuu wa Kiajemi wa mahali pale, walilibomoa hekalu la Wayahudi. Wanataarikhi wengine husema chuki ilizidi kwa sababu ya kondoo waliochinjwa karibu na mungu wa kondoo. Hilo lawezekana, ingawa ugomvi wa mipaka ya viwanja umepata kubomoa nyumba nyingi za ibada pasipo haja ya sababu nyingine.

Katika karne za mwisho za hekalu la pili ikapatikana suluhu baina ya nyumba na hekalu: mnyama achinjwe hekaluni, lakini aliwe majumbani mwa Yerusalemu. Mishna, mkusanyo wa sheria uliotengenezwa yapata mwaka 200 B.K. na Rabi Yehuda aliyeitwa Mkuu, yatupa picha ya siku ile kwa uangalifu wa mtu aliyekuwa akiogopa isije ikasahauliwa. Watu waliingia uwanjani kwa makundi matatu, na kila kundi likiisha kujaa milango ilifungwa na mabaragumu yakapigwa. Mchinjaji alikuwa mwenye mnyama mwenyewe, si kuhani. Makuhani walisimama safu kwa safu wenye mabakuli ya fedha na ya dhahabu, wakipokezana damu mkono kwa mkono hata madhabahuni, na mabakuli hayo hayakuwa na kitako, ili mtu asije akaliweka chini damu ikaganda. Walawi waliimba zaburi za sifa wakati wote wa kazi. Wanyama walichunwa wakiwa wametundikwa katika kulabu za ukutani, na aliyekosa kulabu aliweka ufito baina ya bega lake na la mwenziwe akachuna hapohapo. Kisha kila jamaa walichukua nyama yao, wakaioka kwa kijiti cha mkomamanga, maana chuma hupata moto kikaipikisha nyama kwa joto lake chenyewe, na amri ilitaka moto mtupu. Riwaya za marabi zasema watu wa Yerusalemu hawakutoza kodi ya vyumba kwa wageni wa sikukuu, kwa kuwa mji ulikuwa mali ya makabila yote. Ila waliwatwalia ngozi za wanyama wao, na msomaji mwenye uzoefu wa miji ya bandari ataelewa kwamba ukarimu na biashara hukaa nyumba moja bila kugombana.

Josephus, mwanataarikhi wa Kiyahudi aliyeandika chini ya ulinzi wa Warumi, asema kwamba katika zama za Nero liwali Cestius aliomba hesabu ya watu, makuhani wakahesabu wanyama waliochinjwa, wakapata 255,600, na kila mnyama aliliwa na watu wasiopungua kumi. Mtu akizidisha apata hesabu ambayo mji ule usingeweza kuichukua hata kama watu wangesimama juu ya mapaa. Nami naitaja si kwa kuisadiki, bali ili ionekane jinsi watu walivyoukumbuka msongamano ule. Wakati huohuo Filo, mwanafalsafa wa Kiyahudi wa Iskandaria, alikwisha kuandika kwamba siku ya Pasaka kaumu nzima hufanya kazi ya ukuhani, na kila nyumba huvikwa heshima ya hekalu. Alikuwa Misri, mbali na uwanja wa makuhani, na kutoka huko mbali aliliona jambo ambalo wa karibu walikuwa hawajalazimika kuliona.

Walilazimika mwaka 70 B.K. Majeshi ya Warumi chini ya Tito yaliuzunguka mji wakati umejaa mahujaji wa sikukuu ileile, na kabla ya mwaka kwisha hekalu lilikuwa majivu. Basi Pasaka ifanyweje bila mnyama, na mnyama achinjwe wapi bila madhabahu? Kwa sikukuu nyingine swali hilo lilikuwa zito kupita kiasi. Kwa Pasaka jibu lilikuwa limekwisha andikwa katika sura ya 12: mna nyumba, mna mikate, mna mboga chungu, mna mtoto anayeuliza. Marabi wakaujenga usiku ule upya juu ya nguzo hizo, utaratibu ambao Wayahudi huuita Seder. Rabani Gamalieli akahukumu kwamba asiyetaja mambo matatu usiku huo hakutimiza faradhi yake, nayo ni mnyama wa Pasaka, mkate usiotiwa chachu, na mboga chungu. Na hapo mnyama, aliyekuwa nyama ya kuliwa, akawa neno la kutajwa, na sahanini ukabaki mfupa wa kuokwa kuwa ukumbusho wake. Vikawekwa vikombe vinne vya divai, ambavyo hata maskini aliyelishwa na fungu la sadaka hakuruhusiwa kupungukiwa; na watu wakatakiwa wale wakiegemea matakia, kwa desturi ya waungwana wa Kirumi. Tendo hilo lilichukua mahali pa viatu na fimbo: wa kwanza walikula wamesimama kama watu wanaokimbia, na wa baadaye wakala wameegemea kama mabwana, nao walikuwa chini ya utawala wa kigeni zaidi kuliko walivyopata kuwa siku yoyote.

Kitabu kisomwacho usiku huo, Haggada, kilikua pole kwa karne nyingi. Mtoto mdogo kuliko wote huuliza kwa nini usiku huu umetofautika na nyusiku nyingine. Hutajwa wana wanne, mwenye hekima, mwovu, mpole wa akili, na asiyejua kuuliza, na kila mmoja ana jibu lake. Mapigo kumi yanapohesabiwa, kwa kila pigo hudondoshwa tone la divai, na wafasiri wengi wamesema ni kwa ajili ya kupunguza furaha, kwa sababu waliokufa nao walikuwa viumbe. Jambo la kushangaza kuliko yote ni kwamba Musa karibu hayumo. Msimulizi amesimulia kutoka Misri kwa saa kadha wa kadha na jina la kiongozi wa safari halitajwi ila kwa kupitia. Sioni sababu nyingine iliyo na nguvu kuliko ile ya sikukuu yenyewe kutotaka mtu asimame kati ya baba na mwanawe.

Si wote waliokubali kumwacha mnyama. Wasamaria, ambao leo hawafiki elfu moja, hupanda kila mwaka mlima Gerizimu karibu na Nablus, huchinja kondoo wao magharibi ya siku ya 14, na kuwaoka katika mashimo ya moto yaliyofukiwa kwa udongo, kwa sheria ya Kutoka neno kwa neno. Kadhalika Beta Israeli wa Uhabeshi, waliokuwa na Torati kwa lugha ya Ge'ez bila Mishna wala Haggada, walichinja kondoo vijijini mwao katika sikukuu waliyoiita Fasika, hata walipohamia Israeli kwa wingi baina ya mwaka 1984 na 1991 wakakuta wenzao wanausimulia usiku ule kwa kitabu ambacho babu zao hawakukijua.

Wakristo wa kwanza, ambao walikuwa Wayahudi, waliichukua Pasaka pamoja nao. Injili tatu zasema chakula cha mwisho cha Yesu kilikuwa chakula cha Pasaka. Injili ya Yohana yasema alisulubiwa siku ya maandalio, wanyama walipokuwa wakichinjwa, na yakumbusha ile sheria ya mfupa kutovunjwa. Makanisa ya Asia Ndogo yaliendelea kuadhimisha siku ya 14 yoyote iangukayo, Roma ikataka Jumapili, ugomvi ukaendelea hata mtaguso wa Nikea mwaka 325 ukaamua Jumapili. Ndugu zetu Waislamu nao wanacho kisa cha Musa na Firauni katika sura nyingi za Kurani, ingawa damu ya mlangoni haimo. Na hadithi zasema Mtume alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wanafunga siku ya Ashura kwa shukrani ya kuokolewa Musa, akaamuru siku hiyo ifungwe. Mimi huvutwa zaidi na aya ya 87 ya Surat Yunus, ambamo Musa na nduguye wanaagizwa wawawekee watu wao majumba katika Misri, na majumba hayo yawe mahali pa kuelekea na kusali. Maana hapo pia, kwa njia nyingine, ibada ya watumwa wale imekaa nyumbani.

Nyumba ina ulinzi wake na ina hatari yake, kwa kuwa ya ndani hayaonekani na jirani, na asiyeyaona huyazulia. Tangu kisa cha Norwich, Uingereza, cha mwaka 1144, ulienea Ulaya uzushi kwamba Wayahudi huua watoto wa Kikristo kwa ajili ya damu. Uzushi wa kijinga kupita yote, kwani sheria yao yawaharamishia hata damu ya kuku. Walakini uliua watu karne baada ya karne, na majira ya Pasaka yakawa majira ya hofu. Katika Aprili ya mwaka 1903, katika mji wa Kishinev uliokuwa chini ya mfalme wa Urusi, sikukuu ya Kiyahudi ilipokuwa inamalizika na ya Kikristo inaanza, makundi ya watu waliochochewa na uzushi huo waliingia majumba kwa majumba wakaua watu 49. Habari hiyo ilifika hata kwetu kwa njia isiyotazamiwa: mwaka uleule serikali ya Uingereza, kwa ulimi wa waziri wake Joseph Chamberlain, ilimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, rai ya kuwahamishia wakimbizi wa Kiyahudi katika uwanda wa Uasin Gishu, na mpango ukaitwa wa Uganda ijapokuwa nchi ile ilikwisha kutiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1902. Wenye uwanda hawakuulizwa. Mkutano wa Wazayuni huko Basel ulibishana kwa machozi, wajumbe watatu wakatumwa kuitazama nchi, na mwaka 1905 rai ikakataliwa.

Dini ya Kiyahudi ilikuja Uganda kwa mlango mwingine. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuziteka nchi za mashariki, kisha akakosana nao, alikuwa amekaa karibu na Mbale akisoma Biblia peke yake, bila rabi na bila mwalimu, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, akawakusanya wafuasi ambao ndio asili ya Abayudaya wa leo. Alifariki mwaka 1928. Watu wake wakaendelea. Idi Amin aliposhika madaraka aliipiga marufuku dini yao. Nyumba za sala zilifungwa, wengi wakabatizwa au wakasilimu, na wachache wakaendelea majumbani kwa siri, kama ilivyokuwa mwanzo. Kampala ilitekwa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na siku hiyo, kwa hesabu ya kalenda ya Kiyahudi, ilikuwa ni tarehe 14 ya Nisani. Marufuku yakaondoka pamoja na aliyeyaweka, na waliosalia wakarudi kusali mchana.